Aliyeitikia Jina la Aikande

Kwa miaka ishirini na saba Aikande Nanyori aliamini kwamba hana akili. Wala hakulisema hilo kwa uchungu. Alilisema kama mtu anavyosema ana miguu mikubwa. Kwenye vikao vya akina mama pale Kikatiti alikaa nyuma, na akiulizwa maoni alisema atakubaliana na wenzake. Watoto wake wakileta hesabu za shule aliwaelekeza kwa baba yao, Mika, ambaye kusema kweli hesabu zilimshinda. Lakini ni mwanamke huyohuyo aliyeanzisha kitalu cha miche ya parachichi kule Nduruma, akajifunza mwenyewe kuibebesha vikonyo vya miti bora, na akawa anajua bila daftari mingapi imeshika na mingapi imekufa. Mimi nasimama naye kwaya moja, sauti ya pili, tangu tukiwa wasichana. Sikuwahi kuona ajabu kwamba mtu wa namna hiyo anajiita mjinga. Tulikuwa tumezoea.

Imani hiyo alipewa na mtu mmoja, kwa siku moja. Mwaka tisini na moja alikuwa darasa la saba, kwenye shule ambayo sitaitaja. Alikaa dawati moja na Anneth, binti wa mwalimu mkuu, Mwalimu Abdiel. Anneth alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri, ila hesabu zilimsumbua, na Aikande ndiye aliyekuwa akimwelekeza wakati wa mapumziko. Matokeo yalipotoka, Mwalimu Abdiel alifika mwenyewe nyumbani kwa akina Nanyori, akavua kofia, akamwambia mzee kwamba binti yake amekosa alama mbili tu. Alisikitika sana. Akanywa chai, akaondoka. Baada ya Krismasi tukasikia Anneth amepelekwa kwa shangazi yake Tanga, akasome shule ya kulipia. Aikande akaanza kuuza ndizi kwenye madirisha ya mabasi, barabara ya Moshi.

Mwalimu Abdiel alipofariki tulimwimbia, na Aikande aliimba huku machozi yanamtoka, kwa sababu alimheshimu. Anneth hakuja kumzika baba yake. Tuliambiwa yuko masomoni nje ya nchi.

Ukweli ulijitokeza mwaka elfu mbili na kumi na nane, dirishani, wakati watu wanaandikishwa vitambulisho vya taifa. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta alimuuliza Aikande kama amewahi kujiandikisha mahali pengine. Akasema hapana. Kijana akasoma kilichokuwa mbele yake: Aikande Nanyori, amezaliwa Kikatiti, tarehe ileile, baba yuleyule, mama yuleyule, kazi yake mwalimu, anaishi Tanga. Akasema huenda ni makosa ya kuandika, mama asihofu, ila italazimu alete cheti cha ubatizo na barua ya kiapo.

Aikande aliniambia kwamba hakuhitaji kufikiri. Alisikia "mwalimu" na "Tanga" akajua yote, palepale, hadi chai aliyokunywa Mwalimu Abdiel. Hakuwa amekosa alama mbili. Alikuwa amefaulu, na nafasi yake ilikwenda shuleni bila yeye, ikiwa na jina lake.

Kitambulisho chake kilichukua miezi minane. Tangu hapo hakuiamini ofisi yoyote, na kila aliposafiri alibeba bahasha ya nailoni yenye nyaraka zake zote: cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, picha ya darasa, karatasi za kiapo. Mika alimshauri wapeleke mashtaka. Yeye akasema bado. Alitaka kwanza amwone usoni. Lakini Tanga ni mbali, kitalu kilikuwa hakina mtu, na miaka ikapita huku akiilea hasira yake kama unavyolea kitu ambacho hutaki kife. Kila jioni, aliniambia, kabla ya kusali, alilitaja lile jina. Anneth. Halafu ndipo akasali.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, binti yake Agnela alijifungua huko Wete, Pemba, ambako mume wake ni bwana shamba. Aikande akapakia unga wa ulezi, ndizi na sweta la mtoto, akapanda basi la Arusha kwenda Tanga ili kesho yake asubuhi apande meli. Ilikuwa safari ya furaha. Anaapa kwamba bahasha aliibeba kwa mazoea tu.

Asubuhi ya Jumatano alifika bandarini akakuta watu wamekaa juu ya mizigo yao. Upepo wa kusi ulikuwa mkali, meli haiondoki, pengine Ijumaa. Wenzake walilalamika, wengine wakatafuta njia ya Dar. Yeye alirudisha mizigo nyumba ya wageni, Chumbageni, akavaa viatu vya kutembelea shambani, akachukua bahasha, akatoka. Alikuwa na siku mbili na mji mzima. Hakuwa na haraka, na hakutaka gari wala bajaji, kwa sababu alitaka kuuliza nyumba hadi nyumba.

Alipita kando ya bustani inayotazama bandari, ambako wazee walikuwa wamekaa wanaangalia maji yaliyochafuka, akapita mnara wa saa na majengo ya Wajerumani yenye kuta nene, rangi imebanduka. Kwa mtu aliyezoea kuona Meru kila anapoinua macho, mji ulikuwa bapa mno. Hakujua upande upi ni upi. Akavuka reli akaingia Ngamiani, mitaa inayoitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ishirini na zaidi. Namba zilimfariji. Baiskeli zilimpita kila upande, wanawake wameketi pembeni kwenye viti vya nyuma, kanga zao zinapepea. Joto lilimshika shingoni japo wenyeji walikuwa wanalalamika baridi.

Barabara ya nne alimsalimu mama mzee aliyekuwa anakaanga bajia. Mama akaitikia marahaba, akamwita mwanangu, akamuuliza ametoka bara ya wapi. Aikande akasema Arusha, anamtafuta mwalimu mmoja, naye ni wa huko, anaitwa Aikande Nanyori.

Yule mama aliacha bajia zake akasimama. Alikuwa anamjua, nani asiyemjua. Ndiye mwalimu mkuu wa shule iliyo nyuma ya soko. Wajukuu zake watatu wamepita mikononi mwake. Akamwonyesha njia kwa mkono wenye unga, akakataa kupokea hela ya bajia mbili, eti ndugu wa Mwalimu Aikande halipi.

Aikande alizila bajia hizo njiani. Aliniambia zilikuwa tamu na kwamba kila alipotafuna alizidi kukasirika. Jina lake lilikuwa na heshima katika mji ambao yeye hakuwahi kuukanyaga. Huko kwao hakuna aliyewahi kumpa bajia kwa ajili ya jina hilo.

Shuleni mlinzi alisema mwalimu mkuu ametoka kwa miguu, kuna msichana wa darasa la saba hajaonekana wiki mbili, ameenda kwao, barabara ya kumi na mbili. Aikande akaenda. Barabara ya kumi na mbili bibi wa msichana alikuwa barazani anachambua mchele. Mwalimu alikuwa ametoka hapo muda si mrefu. Msichana alikuwa ametakiwa aende kufanya kazi za ndani kwa watu, na Mwalimu Aikande alikaa pale kwenye jamvi, akasema hataondoka mpaka aambiwe kesho mtoto atakuja. Bibi alicheka alipokuwa anaeleza. Alisema mwalimu yule ni king'ang'anizi, amewahi kumfuata mtoto hadi Pongwe kwa miguu. Sasa amekwenda barabara ya kumi na saba kwa mwingine.

Na barabara ya kumi na saba alikuwa ametoka pia. Hivyo ndivyo Aikande alivyoujua mji wa Tanga: kwa kumfuata mtu hatua chache nyuma yake, akiokota sifa zake nyumba kwa nyumba. Vyoo vya wasichana alivijenga Mwalimu Aikande. Uji wa asubuhi aliuanzisha Mwalimu Aikande. Nilimuuliza kama moyo wake haukulegea hata kidogo aliposikia hayo. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Akasema kila walichokitaja alikiandika kichwani kama kitu kilichoibwa. Yeye angejenga vyoo hivyo. Yeye angekuwa king'ang'anizi huyo. Mtu huyu alikuwa anaishi maisha yake, tena anayaishi vizuri, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angemkuta mlevi.

Saa kumi alirudi shuleni. Watoto walikuwa wameondoka. Uwanjani, kwenye bomba, mwanamke mnene kidogo aliyevaa miwani alikuwa ameinama anaosha vumbi miguuni, viatu vyake vimewekwa pembeni, vimekanyagwa visigino. Aikande alimjua kwa shingo. Miaka saba alikuwa amekaa karibu na shingo hiyo.

Alisimama hatua kumi nyuma yake akaita, kwa sauti ya kawaida:

"Aikande."

"Abee," akaitikia yule mwanamke, akageuka.

Walitazamana. Maji yaliendelea kutoka. Mwanamke yule hakuuliza wewe ni nani. Alivua miwani, akaifuta kwenye nguo, akaivaa tena, kisha akafunga bomba taratibu. Akasema karibu ofisini. Aikande akasema hapana, wataongea hapohapo, jua likiwaona.

Anneth hakukana kitu, na hilo nampa. Alisema alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake alimwambia kwamba mzee Nanyori amekataa kumsomesha binti, anataka kumwoza, na nafasi ya serikali haifai kupotea bure. Toka leo, alimwambia, unaitwa Aikande Nanyori. Akamkaririsha majina ya wazazi wa Aikande njiani kwenye basi mpaka Korogwe. Shangazi akakatazwa kumwita Anneth hata ndani ya nyumba.

"Na wewe uliamini?" Aikande akauliza.

Alisema mwaka wa kwanza aliamini. Mwaka wa pili, likizo, baba yake alimruhusu aende Arusha hospitali kwa siku moja, asishuke Kikatiti. Basi liliposimama pale, wauza ndizi wakazunguka madirisha. Mmoja aliinua beseni hadi dirishani kwake.

"Ulikuwa wewe," alisema. "Nikainama chini ya kiti. Nilikaa hivyo mpaka Usa River."

Aikande aliniambia kwamba mpaka dakika hiyo hakuwa na hakika atafanya nini. Alikuwa amekuja kumwona, kumwambia, labda kumzaba kofi. Lakini alipomsikia akisema aliinama, jambo likakaa sawa ndani yake, kama mlango unaojifunga wenyewe. Angeweza kusamehe mtoto aliyedanganywa. Huyu alikuwa ameona.

Anneth alianza kuomba. Haombi kwa ajili yake mwenyewe, alisema. Darasa la saba wana mtihani mwezi wa tisa, watoto mia na ishirini, na akiondolewa sasa watayumba. Aliomba apewe mpaka mtihani upite, kisha atajipeleka mwenyewe. Aliapa.

"Mimi nilipewa muda gani?" Aikande alimuuliza.

Anneth aliinamia viatu vyake, akaanza kuvivaa.

"Baba yako alikuja kwetu akatwambia nimekosa alama mbili. Nimeishi na hizo alama mbili, Anneth. Nimeolewa nazo, nimezaa nazo. Wanangu wamekua wakijua mama yao ni mjinga, kwa sababu niliwaambia mwenyewe."

Aliposikia anaitwa Anneth, yule mwanamke aliweka mkono kifuani. Pengine hakuwa ameitwa hivyo miaka mingi. Akauliza kwa sauti ndogo kama mama yake bado yu hai.

Hapo Aikande alipata kitu ambacho hakukitarajia. Alimwambia yu hai, macho yanamsumbua. Akamwambia pia jinsi baba yake alivyozikwa: jeneza, mvua, na kwaya. "Wewe hukuweza kuja kumzika kwa sababu ya jina langu," alisema. "Mimi nilikuja. Nilimwimbia nyimbo nne." Akaona neno limeingia mahali pake, akaridhika. Akaondoka bila kuaga, akarudi Chumbageni kwa miguu, na usiku huo alilala usingizi wa mtoto.

Alhamisi asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye ofisi ya elimu. Ofisa aliyempokea alimsikiliza, akatazama bahasha, akakuna kidevu. Alisema mambo haya ni ya zamani, mhusika ni mchapakazi, mama kama mzazi afikirie. Aikande akasema ameshafikiri kwa miaka mitano. Ofisa akachukua kalamu ili aandike maelezo yake, amsaidie. Aikande akaomba karatasi, akasema ataandika mwenyewe. Aliandika kurasa nne, bila kufuta mahali hata pamoja, na chini akaweka sahihi kwa jina kamili, herufi moja moja. Ofisa alizisoma mpaka mwisho, kisha akamwamkia upya, safari hii kwa shikamoo.

Ijumaa upepo ulipungua akavuka. Huko Wete alimkuta Agnela na mtoto wa kike, na wakwe walikuwa wamekubali mtoto aitwe jina la bibi yake, Aikande. Walidhani atashukuru tu. Alimbeba akatoka naye nje, akazunguka nyumba mara mbili kabla ya kurudi kusema sawa.

Uchunguzi ulichukua karibu mwaka. Mtihani wa watoto ulipita katikati ya mambo hayo, na nilisikia hawakufanya vizuri kama miaka ya nyuma. Aikande aliitwa Tanga mara moja kutambua picha na kuchukuliwa alama za vidole. Safari hiyo alipita barabara ya nne, akamsalimu yule mama wa bajia. Mama alimtazama, akaendelea kugeuza bajia zake. Habari zilikuwa zimefika. Baadaye ikaja barua kutoka kwa wazazi wa wanafunzi, sahihi zaidi ya mia mbili, wakiomba mlalamikaji amsamehe mwalimu wao. Alinipa niisome kwa sauti pale kitaluni. Yeye alisikiliza huku anafunga miche kwa nailoni, na nilipomaliza aliomba nimwandikie jibu. Halafu akabadili mawazo, akaliandika mwenyewe. Lilikuwa neno moja, hapana, na sahihi.

Anneth aliachishwa kazi. Jela hakwenda, walisema alikuwa mtoto jambo lilipoanza, na aliyelipanga ni marehemu. Kiinua mgongo kilipotea. Cheti kikafutwa. Akabaki mwanamke wa miaka arobaini na saba ambaye, kwa karatasi, aliishia darasa la saba. Aikande alipopata taarifa alichinja mbuzi. Tulialikwa tukala, na hakuna aliyeuliza sherehe ni ya nini, ingawa wote tulijua. Nilimwona akicheka siku hiyo kama sijawahi kumwona. Sitamsema vibaya. Mimi sikuchukuliwa kitu.

Lakini kuna jambo ambalo hakulihesabu. Anneth, kwa kuwa hakuwa tena na jina la kuficha, alirudi nyumbani. Alishuka Kikatiti mchana kweupe na sanduku moja, akapanda njia ya kwao kwa miguu, na kila aliyekutana naye alimwita kwa jina alilozaliwa nalo. Mama yake, Bibi Anna, alimshikashika uso kwa vidole kwa sababu hamwoni vizuri, akalia, majirani wakaja, wakakesha wanaimba. Miaka thelathini na kitu alikuwa hajakanyaga shamba la baba yake. Sasa asubuhi anakatia ng'ombe majani, jioni watoto wa jirani wanakaa chini ya ukuta wao akiwafundisha hesabu, na ukipita unamsikia.

Aikande aliposikia alishinda kitaluni siku nzima. Kesho yake aliniambia, kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona hata wakati ule wa kesi, "Sikumtoa kule ili aje apokelewe."

Jumapili ya kwanza mchungaji alimtambulisha. Alisema dada yetu Anneth amerejea, akamwomba asimame, na Anneth akasimama, akatubu mbele ya usharika kwa maneno yake mwenyewe, bila kupunguza. Alimtaja Aikande kwa jina. Watu walifuta macho. Mimi nilikuwa kwenye kwaya, bega kwa bega na Aikande, nikasikia pumzi yake. Alikuwa anaangalia kitabu cha nyimbo, ukurasa ambao hatukuwa tunauimba.

Baada ya ibada, nje, Anneth alikuja akiwa amemshika mama yake mkono. Watu wakapisha, kwa sababu kila mtu alikuwa anasubiri. Anneth akanyoosha mkono.

Aikande aliutazama ule mkono. Kisha akamwinamia Bibi Anna, akamshika kiganja kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni nani wewe?"

"Ni Aikande wa Nanyori," akasema, kwa sauti ambayo hata waliokuwa getini walisikia. Akamuuliza hali ya macho, akamwambia kuna daktari wa macho anakuja kambi mwezi ujao, asikose. Akamwachia taratibu. Mkono wa Anneth ulikuwa bado hewani. Aikande aliupita, akachukua mkoba wake ukutani, akaniambia twende, ana miche ya kumwagilia.